Kukinga Mikono ya Mwendesha Bodaboda na Baridi

Miji ya Busia na Tororo haisifiki kwa baridi. Iko karibu na mstari wa Ikweta, kwenye kimo cha takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mchana watu hutafuta kivuli cha mwembe. Lakini mwendesha bodaboda aondokaye nyumbani saa kumi na moja alfajiri, barabara ikiwa bado imelowa mvua ya usiku, huijua hali nyingine. Akikodiwa kwenda kaskazini, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, huijua zaidi.

Kazi hii ilianzia hapa mpakani. Mnamo miaka ya 1960 na 1970 wenye baiskeli walivusha watu baina ya vituo viwili vya mpaka wakiita "boda, boda", na jina likabaki. Mwenye baiskeli alijipasha joto kwa kukanyaga. Mwenye pikipiki hukaa kitako akipigwa na upepo, na mikono yake ndiyo iliyo mbele.

Jambo hili si la starehe. Mkono wa kulia hushika breki ya mbele, na wa kushoto klachi. Vidole vilivyokufa ganzi huchelewa kuitika. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, pikipiki hupita karibu mita 14 kila sekunde. Kuchelewa nusu sekunde tu ni mita 7, na mita hizo zaweza kutosha kumfikisha mtu chini ya lori.

Siku hizi vipo vishikio vya usukani vyenye nyaya za kupasha joto kwa umeme. Ni vizuri, ila hapana budi kupiga hesabu kwanza. Vishikio vya wati 36 kwenye umeme wa volti 12 hula ampea 3. Pikipiki ndogo huzalisha umeme kidogo, hasa injini inapozunguka polepole kijiweni, na upungufu wote hulipwa na betri. Fundi na apime betri huku injini ikizunguka kwa mwendo wa wastani, taa na vishikio vikiwa vimewashwa. Mita ikisoma chini ya volti 13, betri yaelekea inaliwa. Waya upitie kwenye fyuzi yake yenyewe, tena upate umeme pale tu ufunguo unapowashwa. Upande wa kulia waya uachiwe ulegevu, ili kishikio cha mafuta kirudi chenyewe kikiachiliwa.

Hata hivyo, dawa ya kwanza ni kuzuia upepo, na gharama yake ni ndogo. Mshona viti vya pikipiki aweza kutengeneza vifuko viwili vya rekzini, au vikashonwa nyumbani kwa cherehani imara. Kwanza kata kielelezo cha karatasi na ukipime juu ya usukani, mkono ukiwa umeshika. Ndani tia kipande cha blanketi kuukuu. Mbele shonea kipande cha plastiki kilichokatwa kwenye jerikeni bovu, kwa maana kifuko laini husukumwa na upepo kikabonyeza breki bila mwenyewe kujua. Upande wa dereva mdomo uwe mpana, na chini pawe na tundu la kutolea maji. Kifungwe kwenye usukani na kwenye mguu wa kioo, kisigeuke.

Wala kifua kisisahauliwe. Waendeshaji wengi huvaa koti mbele nyuma, na wapita njia huwacheka. Kumbe wana akili: kifua kikipoa, mwili huipunguzia vidole damu ili uhifadhi joto la ndani. Koti lizibalo upepo kifuani huipasha mikono pia. Glavu zilizolowa zianikwe, na jozi kavu iwekwe ndani ya mfuko wa nailoni.

Kabla ya safari ya kwanza, pikipiki ikiwa imesimama uani, dereva atie na kutoa mikono mara kumi akiwa amefumba macho. Kisha injini iwashwe, na usukani ugeuzwe hadi mwisho kulia na kushoto. Mlio wa injini ukipanda, au breki ikigusana na kifuko, kazi irudiwe. Mikono ikitoka bila kukwama na mlio usibadilike, chombo ki tayari. Ndipo aende kumchukua abiria wake wa alfajiri, akijua kwamba breki ikihitajika, vidole vitaitika.