Sumu ya panya imeua mbwa wa jirani: ni kesi ya polisi?



Mahindi yakishavunwa na kuingia ndani, panya nao wanahamia. Panya wakihamia, sumu inatoka dukani. Na sumu ikitoka dukani, swali linalonifikia ni lile lile, uwe Vwawa, Mlowo, Mpemba au Ileje: "Bwana mifugo, jirani katega sumu, mbwa wangu kafa. Nimpeleke polisi?" Wapo wanaokwenda mbali zaidi. Wanataka anayeua mnyama wa mtu kwa uzembe ashtakiwe kama anayeua mtu kwa uzembe.

Msimamo wangu nauweka wazi. Kifo cha mnyama kilichotokea kwa ajali kisiwe jinai. Lakini kutega sumu ovyo kuwe kosa, hata kama siku hiyo hakuna kilichokufa. Wengi wataona najichanganya. Subirini kidogo.

Kwanza tusimbeze aliyefiwa na mnyama wake. Neno "si mbwa tu?" silipendi. Mbwa ndiye mlinzi wa boma na ng'ombe usiku. Paka mmoja mzuri anakuokolea magunia ya mahindi. Na watoto wa nyumba hiyo wanalia kweli kweli. Hasara ipo na uchungu upo.

Sheria inasemaje sasa

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamwadhibu mtu anayeua au kujeruhi mnyama wa mwenzake kwa makusudi na bila haki. Shikeni neno hilo: makusudi. Kosa la kuua bila kukusudia, kifungu cha 195, linahusu kifo cha binadamu, si cha mbwa. Tunayo pia Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo inakataza kumtesa mnyama. Aliyekuulia mnyama kwa bahati mbaya, njia yako ni kudai fidia.

Kwa hiyo ukikuta kipande cha nyama chenye sumu kimerushwa ndani ya uzio wako, usiniulize mimi, nenda polisi. Hakuna anayetega panya kwa kurusha nyama juu ya uzio wa jirani. Hapo tunazungumzia makusudi, na sheria ya kumshughulikia ipo tayari. Mimi nazungumzia yule aliyetega sumu kwenye ghala lake, mbwa wako akapita kwenye mlango uliobaki wazi.

Kwa nini sitaki huyo ashtakiwe

Sababu ya kwanza ni ya kitabibu, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Sumu za panya hazifanani.

Ile ya unga mweusi au wa kijivu, yenye harufu kama ya kitunguu saumu, mara nyingi ni zinki fosfaidi. Ikikutana na tindikali ya tumbo inatoa gesi ya fosfini, gesi ile ile inayotoka kwenye vidonge vya kufukizia mahindi. Mnyama anaweza kuzidiwa ndani ya saa chache, na sumu hii haina dawa ya kuizima. Tunapambana na dalili tu.

Kuna nyingine, mara nyingi punje au vibonge vya rangi, zinazozuia damu kuganda. Hizo zinaua polepole, siku tatu hadi saba. Mbwa anaonekana mzima leo, keshokutwa anatoka damu puani. Hii ina tiba: vitamini K1, ikianza mapema.

Halafu kuna watu wanaotega panya kwa kiuatilifu cha shambani, jambo ambalo ni hatari na haliruhusiwi kabisa. Mnyama anatokwa udenda, anatetemeka, anabanwa pumzi. Kwa sumu nyingi za kundi hilo tunatumia atropini.

Sasa niambieni. Mbwa ameanguka saa moja jioni. Mtu pekee anayejua alikula nini ni jirani. Akijua kwamba kusema "ni sumu yangu, pakiti hii hapa" ni kujipeleka rumande, atasema? Atafunga mlango na kuzima taa. Mimi nitafika na kuanza kubahatisha, na mbwa atakufa. Na ubaya hauishii kwa mbwa. Sumu ile ile iko uani, na kesho mtoto wa miaka miwili anaweza kuiokota. Hofu ya jela inaficha taarifa ambayo ingeokoa uhai.

Kuna na kichaa cha mbwa. Mbwa aliyekufa ghafla lazima tujue alikuwa na hali gani, na kama aliuma mtu. Watu wakiogopa kesi, mizoga itazikwa usiku. Aliyeumwa atakaa nyumbani bila chanjo, na kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, hakuna kurudi.

Sababu ya pili ni haki. Chukua majirani wawili waliomwaga sumu sakafuni, milango wazi. Kwa mmoja paka kapita, kafa. Kwa mwingine hakupita mnyama. Uzembe ni mmoja. Ukimfunga wa kwanza na kumwacha wa pili, umeadhibu bahati.

Sababu ya tatu: angalieni nani atakayekamatwa. Mara nyingi ni mwenye mnyama mwenyewe. Mama anaona paka wake ana viroboto, anampaka dawa ya kuogeshea ng'ombe. Dawa nyingi za kupe zina viambata vya jamii ya pairethroidi ambavyo mwili wa paka hauwezi kuvivunja. Paka anatetemeka na kufa. Huyo mama utamfikisha mahakamani? Anahitaji somo.

"Bila jela watu hawatajali"

Hoja hii naisikia sana, na ina uzito. Wapo wazembe sugu. Ila mtu anayetega sumu hamfikirii paka wako kabisa, anamfikiria panya. Adhabu ya kitu ambacho hakukiwaza haiwezi kumzuia. Kitakachomzuia ni kanuni inayogusa kile anachokifanya kwa mkono wake wakati ule: sumu gani, imewekwa wapi, nani ameambiwa.

Tuangalie Uingereza, nchi inayosifika kwa kupenda mbwa. Sheria yao ya barabara ya mwaka 1988 inamtaka dereva aliyegonga mbwa asimame na ajitambulishe, na asipofanya hivyo aripoti polisi. Kugonga kwa ajali peke yake si kosa, kosa ni kukimbia. Sisi tunaoishi kando ya barabara ya TANZAM, malori yakipita kwenda Nakonde usiku na mchana, mantiki hiyo tunaielewa. Mbwa akikatiza ghafla mbele ya lori lenye mzigo, dereva hana la kufanya. Lakini kusimama anaweza.

Pendekezo langu basi, kwa madiwani wa halmashauri zetu za Mbozi, Momba, Ileje, Songwe na Mji wa Tunduma, ni sheria ndogo yenye mambo matatu, na adhabu yake iwe faini:

1. Kuuza sumu isiyo na lebo, ile ya kupimwa kwenye kikaratasi sokoni, kuwe kosa mara moja. Usajili wa viuatilifu uko chini ya TPHPA, na bidhaa isiyosajiliwa haina kazi dukani.
2. Kutega sumu mahali ambapo mtoto au mnyama wa kufugwa anafika kuwe kosa, kife kitu au kisife.
3. Anayejua sumu yake imeliwa na mnyama wa mtu akanyamaza, awajibike. Anayesema mapema, suala lake liwe fidia tu mbele ya mwenyekiti na mtendaji wa kijiji.

Wenye mbwa nao wasijione malaika. Ukimwachia mbwa azurure usiku kucha kwenye maghala ya watu, fidia yako ipungue. Hilo ni haki pia.

Wakati tunasubiri madiwani, fanya haya

- Tega sumu ndani ya boksi au kipande cha bomba chenye tundu la panya tu, kisha funga ghala.
- Waambie majirani siku unayotega. Neno moja tu: "Fungieni wanyama."
- Tunza pakiti mpaka sumu iishe. Ndiyo itakayomwongoza mganga.
- Okota panya waliokufa kila asubuhi, usiwashike kwa mkono mtupu, wafukie kwa kina. Paka akila panya mwenye sumu naye anaweza kudhurika.
- Mnyama akila sumu, usimnyweshe maziwa wala mafuta. Kwa baadhi ya sumu unaharakisha madhara. Mtoe nje penye hewa, usiinamie matapishi yake, mlete haraka pamoja na pakiti.
- Mbwa akifa baada ya kuuma mtu, usimzike kabla ya kutuita. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Na wewe jirani uliyetega sumu, ukisikia kilio upande wa pili wa uzio, chukua pakiti uende. Utagombezwa, pengine utalipa. Lakini ukifika mapema, huenda mbwa akapona.

Mwenye mawazo tofauti anikute ofisi ya kata, tujadiliane.