Mali ya Mkulima Haihesabiwi Siku ya Mavuno



Watu wengi hudhani ya kuwa tajiri ni mwenye fedha mkononi, na kwamba mahindi yaliyomo ghalani si mali mpaka yauzwe. Fikira hiyo huwatia wengi katika umaskini, ijapokuwa hufanya kazi kwa bidii mwaka mzima. Twakuomba usome karatasi hii polepole, kisha uamue mwenyewe.

Tazama mambo yalivyo katika nchi za Iringa, Njombe na Songea. Mahindi huvunwa mvua zikiisha, na wakati huo kila mtu auza, kwa hiyo bei huwa ndogo. Mkulima hupeleka magunia yake kwa mnunuzi, hupokea fedha, na kwa siku chache hujiona tajiri. Ufikapo mwezi wa Januari, ghala lake ni tupu, na mara nyingi bei ya debe imepanda sana. Basi huenda kufanya kibarua cha kupalilia shamba la jirani ili apate unga. Lakini huo ndio wakati ambao shamba lake mwenyewe lataka jembe. Magugu hula mbolea na maji ya mimea yake, na mavuno yajayo huwa haba kuliko yaliyopita. Mtu huyu hakuuza mahindi tu. Ameuza na nguvu za mikono yake, na mavuno ya mwaka wa pili, wala hakujua.

Hatusemi haya kwa kumdharau mtu. Twajua ya kuwa deni la mbolea, sare za shule na ugonjwa havingoji bei nzuri. Lakini kuuza kwa ajili ya haja ni jambo moja, na kuuza kwa kupenda kushika fedha ni jambo jingine. Haja yako ikiwa ni ya gunia moja, uza moja, usiuze matano.

Shauri letu ni hili: gunia la chakula cha nyumbani na lihesabiwe la kwanza katika mali yako, maana ndilo likupalo uhuru wa kukaa shambani mwako wakati wa palizi.

Kwanza, kabla ya kuuza, keti na watu wa nyumba yako mhesabu madebe mnayokula kwa mwezi, mkayazidishe kwa miezi iliyobaki hata mavuno mengine. Ongezeni ya mbegu na ya wageni. Andikeni hesabu hiyo, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Pili, kausha vema. Tia punje katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu kidogo, uitikise, kisha uiache kwa dakika chache. Chumvi ikishika kwenye chupa, mahindi yana maji bado, yaanike tena.

Tatu, yalinde na dumuzi, mdudu aliyeonekana Tabora katika miaka ya 1970 na 1980, akaenea nchini na kuharibu maghala mengi. Mifuko isiyopitisha hewa yafaa sana, maana wadudu waliomo hukosa hewa wakafa. Ifunge barabara, wala usiifungue ovyo. Panya wasiitoboe.

Nne, yaliyozidi chakula, uyauze kidogo kidogo, si yote kwa siku moja.

Huenda mwaka mwingine bei isipande. Hata hivyo hukupoteza yote, kwani chakula chako kipo, na shamba lako limepaliliwa kwa wakati wake. Mwenye bati jipya na ghala tupu bado yu mikononi mwa watu wengine. Mwenye chakula cha mwaka ameanza kujitegemea.

Basi Januari ijayo, jirani akija kukuita kibaruani, uweze kumjibu kwa adabu: “Ahsante, ndugu yangu, leo napalilia langu.”