Tunalinda Matope, Herufi Zimeshaenda

Hebu cheki jinzi umevaa. Ile rangi imepauka magotini kama imevaliwa miaka kumi, na bado ni mpya. Zamani viwandani walikuwa wanaizungusha na mawe kwa mashine. Siku hizi kazi hiyo inafanywa pia na vimeng'enya, yaani protini ambazo kazi yao ni kukata na kuunganisha vitu. Kimoja kinaitwa selulesi. Kinakula nyuzi za pamba juu juu tu, rangi inatoka.

Sasa skiza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, walichota sampuli kwa maziwa yetu ya magadi huko Bonde la Ufa. Bakteria wa huko wamezoea maji makali, kwa hivyo vimeng'enya vyao havishtuliwi na sabuni. Kampuni ya Marekani, Genencor, ikapata humo vimeng'enya vya kupausha jinzi na vya sabuni ya nguo. Mwaka 2004 shirika letu la wanyamapori, KWS, likalalamika hadharani kwamba Kenya haijapata haki yake. Kampuni ikasema ilifuata utaratibu.

Tangu hapo tuna kambi mbili. Kuna wale wa "tumeibiwa!" na wale wa "sayansi ni ya wote, wacheni kulia." Mimi naona kambi zote mbili ziko stejini zikigombania kiti na matatu ilishang'oa.

Kwa nini? Kwa sababu siku hizi si lazima mtu abebe matope. Bakteria akishasomwa, jenomu yake inakuwa faili ya herufi, milioni kadhaa hivi. Faili inawekwa kwa hazina ya data ya umma. Mtu akitaka selulesi mpya, anachukua mfuatano wa selulesi inayojulikana, anauweka kwa programu inaitwa BLAST, iliyoanza mwaka 1990, na inamtafutia protini zinazofanana nao ndani ya jenomu hiyo. Anapewa orodha: hii inafanana kwa asilimia kadhaa, na uwezekano wa kufanana kibahati tu ni huu. Hakuna kibali cha NEMA. Hakuna kushuka kwa ndege Nairobi. Ni dakika chache tu na chai yake iko moto.

Sheria imekuwa ikikimbia nyuma. Mkataba wa Nagoya ulianza kutumika mwaka 2014, lakini herufi zikabaki za kubishaniwa. Februari 2025 ndio Mfuko wa Cali ukazinduliwa, ati kampuni kubwa zinazofaidika na data hizi zichangie asilimia 1 ya faida au asilimia 0.1 ya mapato. Zichangie. Hakuna wa kuzilazimisha. Wewe ungeombwa ulipe fare ukitaka, ungelipa?

Lakini hapa ndipo nagombana na sisi wenyewe. Hiyo BLAST ni ya bure. Haitaki kadi wala kujisajili. Inafunguka kwa simu hiyo hiyo unamalizia bando ukitazama mechi. Na bado kijana anamaliza biolojia akiwa amekariri kwamba "kimeng'enya ni kama kufuli na ufunguo," hajawahi kutafuta hata kimoja. Tunafundishwa kuchora bakteria kwa penseli kali, tunapewa alama kwa kuchora vizuri.

Hapa Mulot, mpakani mwa Bomet na Narok, hatuna ziwa la magadi. Lakini tuna mursik. Ndani ya sotet kuna bakteria wanaogeuza sukari ya maziwa kuwa asidi, na kimeng'enya cha kuivunja sukari hiyo, laktesi, ndicho viwanda vinatumia kutengeneza maziwa ya watu ambao tumbo linawasumbua. Jenomu za jamaa wa bakteria hao ziko wazi mtandaoni. Ni nani anafaa kuzipekua kwanza kama si mtoto wa nyumba iliyo na sotet?

Utaniambia kufanana si kuwa sawa. Kweli kabisa. Protini inaweza kufanana na isifanye kazi ile. Lazima ipelekwe maabara ipimwe, na maabara ni pesa. Sawa, lakini usiposaka hujui hata cha kupima. Orodha ndiyo inaanza, maabara inafuata.

Kwa hivyo madai ni mawili. Serikali isimame kidete kila faili ya herufi iandikwe ilikotoka, mpaka jina la ziwa, na mchango wa kampuni uwe lazima. Na vyuo vyetu, pamoja na vilabu vya sayansi shuleni, vifundishe hii kitu kwa vitendo, muhula huu.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari letu limeshaandikwa. Shida ni kwamba wanaolisoma ni wengine.