Mwale wa Leza Usitusahaulishe Miwani

Mwezi Mei mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango uitwao SPECS 2030, wenye lengo la kuzisaidia nchi wanachama kuwafikishia wananchi wao miwani inayowafaa. Habari ya miwani haina kishindo. Kinachosimuliwa mijini mwetu ni habari ya leza: kijana fulani aliondoka kwenda Nairobi au India akiwa na miwani mizito, akarejea baada ya majuma machache hana miwani, naye anasoma namba za magari yaliyo ng'ambo ya barabara. Watu wana haki ya kustaajabu. Lakini mwenye kustaajabu asipouliza gharama, masharti na mipaka ya jambo, huwa mawindo mepesi ya wafanyabiashara. Kwa hiyo tumeona yafaa kuyaweka mambo haya mawili, leza na miwani, katika mizani moja.

Hatusemi haya kama madaktari. Tunayasema kama watu waliovaa sare na kufundishwa kwamba jicho la askari ni nusu ya silaha yake. Tulipokuwa katika chuo cha maofisa wanafunzi, mwenzetu mmoja aliwasikiliza waliomtangulia kupimwa macho, akazikariri herufi zote za ubao, akapita mtihani. Siku ya kulenga shabaha risasi zake zote zilitua katika shabaha ya jirani. Mkufunzi alimwuliza, "Ofisa mwanafunzi, shabaha yako ni ipi?" Akajibu, "Ile nyeupe, afande." Shabaha zote zilikuwa nyeupe. Tulicheka, kisha kicheko kikatukauka tulipofikiri nini kingetokea kama pale mbele pangekuwa na watu. Mwenzetu hakuwa mwongo kwa tabia. Aliamini kwamba miwani ingemharibia kazi. Nasi tuliomcheka, hatuna budi kukiri, tulikuwa tumekwisha kuanza kukunja macho ili kusoma ubao wa darasani, wala hatukumwambia mtu.

Basi leza hufanya nini? Mbele ya jicho pana kioo kiitwacho konea, nacho hufanya takriban theluthi mbili ya kazi ya kuukusanya mwanga ili uangukie barabara juu ya retina, yaani utando wa nyuma unaopokea picha. Jicho likiwa refu kupita kiasi, au konea ikiwa imebinuka mno, picha huangukia mbele ya retina na mtu haoni mbali. Miwani huurekebisha mwanga kabla haujaingia jichoni; leza huichonga konea yenyewe. Unene wa konea katikati ni nusu milimita na ushei, na kila pigo la leza huondoa takriban robo ya maikroni, nayo maikroni ni sehemu moja katika elfu ya milimita.

Chanzo cha ufundi huu hakikuwa hospitali. Mwaka 1981, katika maabara ya kampuni ya IBM nchini Marekani, Rangaswamy Srinivasan, mzaliwa wa India, pamoja na wenzake James Wynne na Samuel Blum, walikuwa wakichunguza leza ya eksima, ambayo mwanga wake hauonekani kwa macho. Srinivasan alileta mabaki ya bata mzinga wa sikukuu ya nyumbani, wakayapiga kwa mwale huo. Nyama ilikatika safi, na sehemu ya kando haikuungua. Mwaka 1983 daktari wa macho Stephen Trokel alishirikiana na Srinivasan kuonyesha kwamba konea nayo huweza kuchongwa hivyo.

Majeshi hayakuchelewa kuona faida yake. Katika miaka ya 1990 daktari wa jeshi la majini la Marekani, Steven Schallhorn, aliongoza majaribio huko San Diego ya njia iitwayo PRK, ambamo ngozi nyembamba ya juu ya konea huondolewa, kisha leza ikafanya kazi yake. Mwaka 2000 jeshi la nchi kavu la Marekani lilianzisha huko Fort Bragg mpango wa upasuaji wa macho kwa wapiganaji. Urembo haukuwamo katika sababu zao. Miwani huingia ukungu kwa jasho, huvunjika mtu anapojitupa chini, na haikai vizuri ndani ya kinyago cha kuzuia gesi. Nazo lenzi za kubandika jichoni, mahali pasipo maji safi, huweza kuleta maambukizi ya kupofusha.

Lakini msomaji atazame jinsi jambo lenyewe lilivyoendeshwa. Ipo njia nyingine, LASIK, ambamo konea hukatwa kifuniko chembamba, kikainuliwa, leza ikapita chini yake, kisha kikarudishwa. Mgonjwa huona vizuri mapema na maumivu ni machache. Hata hivyo kifuniko hicho huweza kusogezwa na pigo kali la usoni, na ndiyo sababu majeshi kwa muda mrefu yaliipendelea PRK kwa watu wa vita, ingawa maumivu yake ni ya siku kadhaa na macho huchukua majuma, pengine miezi, kutulia. Jeshi halikuuliza ni njia gani inayopendeza zaidi. Liliuliza mtu huyu anakwenda kufanya kazi gani. Huo ndio mtindo tunaoupendekeza kwa raia pia.

Mwulizaji mwangalifu atayakuta mambo matatu. Kwanza, si kila jicho linafaa. Konea iliyo nyembamba mno, au iliyoanza kuchongoka kwa ugonjwa, hudhoofika zaidi ikichongwa. Nasi miaka michache iliyopita tulikwenda kupimwa, mfukoni tukiwa na akiba ya muda mrefu. Daktari alipima kwa saa nzima, kisha akatuambia kwamba kwa unene wa konea zetu na nguvu ya miwani yetu asingethubutu. Tulitoka tumenuna. Leo tunamshukuru, kwa maana kulikuwa na wa kumlipa na yeye akakataa.

Pili, leza haimalizi kila kitu. Aliyekuwa haoni mbali kwa sababu ya urefu wa jicho hubaki na urefu ule ule, na retina yake bado yahitaji kuchunguzwa. Na mtu akipita umri wa miaka 40 atahitaji miwani ya kusomea kama wenzake. Tatu, yapo madhara: macho kukauka, na taa za usiku kuonekana zina duara la mwanga. Kwa wengi hupungua baada ya miezi, kwa wachache hudumu. Katika nchi zetu za ikweta, zenye jua kali na vumbi, aliyefanyiwa PRK huagizwa kuvaa miwani myeusi, kwani miale ya jua huweza kuchangia konea kuingia ukungu wakati inapopona.

Sasa tugeukie umma. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba, duniani kote, kati ya watu wasioona mbali ambao miwani ingewatosha, ni asilimia 36 tu walioipata iliyo sawa. Kwa uoni wa karibu, pengo katika Afrika ya mashariki, ya kati na ya magharibi lakadiriwa kuzidi asilimia 80, hali katika nchi tajiri liko chini ya asilimia 10. Hao ni mafundi cherehani wasioweza kutunga uzi, na walimu wasioweza kusahihisha madaftari. Leza haiwezi kuwafikia wote hao. Anayeweza kuwafikia ni tabibu wa macho wa wilaya, mfano wa wale wanaofunzwa Jinja, akiwa na sanduku la lenzi za kupimia na ghala ya miwani ya bei nafuu.

Hatusemi leza ipigwe marufuku. Rubani, mzamiaji na mpiganaji waweza kuwa na haki nayo, na raia mwenye fedha zake aitumie akiwa amepimwa na kuelezwa ukweli wote. Tunalosema ni kwamba fedha ya umma ianzie penye wengi. Kila mtoto anayeingia shule na apimwe macho. Kila kuruta na apimwe kwa ubao usiokaririka, na atangaziwe mapema kwamba miwani si aibu wala si mwisho wa kazi.

Ofisa mwanafunzi yule alipatiwa miwani na kurudishwa uwanjani. Aliivaa, akatazama mbele kwa muda mrefu bila kufyatua risasi, hata mkufunzi akamwuliza anangoja nini. Akajibu, "Afande, kumbe zina namba." Kila shabaha ilikuwa imeandikwa namba tangu siku ya kwanza. Ni vijana wangapi wa nchi zetu ambao hadi leo hawajaiona namba yao?