Shaba chafu inakula mashini

Kila mama wa kwetu anajua hii: mbele ya kupeleka mahindi ku mashini ya kusaga, anayapepeta na kutosha majiwe. Jiwe moja linaharibu unga, tena linakula mashini. Bandugu, mambo ya shaba iko vile vile.

Shaba ya Kolwezi na Likasi inaondoka hapa mingi ikiwa mabamba, zile katode. Ili igeuke bomba, kiwanda kinaiyeyusha na kuifanya magogo. Kisha gogo linapashwa moto, digrii 800 ao 900, na presi inalisukuma kwa nguvu mu tundu la chuma kigumu. Tundu ile njo filieri, na bei yake ni kali. Zingine banazitengeneza na kobalti na kromi, sababu inavumilia moto. Kumbe kobalti, mali ya udongo wetu, njo inafungulia shaba njia!

Lakini filieri haivumilii uchafu. Oksidi ao kipande cha tofali la tanuru ndani ya gogo kinaikwangua, na kila bomba linatoka na mistari. Plombi ao salfa, hata kidogo, inafanya shaba ipasuke mu moto. Hapo presi inasimama, filieri inatoshwa, na mwisho inatupwa mbele ya wakati wake.

Uchafu mwingine unaingia kule ku kiwanda. Lakini mwingine unatoka hapa kwetu. Mu matanki ya elektrolizi, anodi ni za plombi. Zikichoka, zinaangusha maganda, na maganda yanashika ku katode. Njo maana banatia sulfati ya kobalti kidogo mu maji, ilinde anodi. Na katode isiyooshwa muzuri inaenda na salfa juu yake. Batu ba kazi banajua hayo yote. Lakini mukubwa akilalamika tu “tani, tani!”, saa ya kuosha njo inakatwa ya kwanza.

Sisi tunasema: ni kosa. Katode ya daraja A inapashwa kupita 99,99 kwa mia ya shaba. Ikishuka, munuzi anakata bei, na bei ikikatwa, prime ya mufanyakazi njo inaumia. Tena tunaomba kila siku viwanda vya nyaya na mabomba vijengwe hapa, bana betu bapate kazi. Siku vikifika, filieri itanunuliwa na mufuko wetu.

Basi, wakubwa ba kampuni bahesabu tani, lakini bahesabu pia katode zilizokataliwa. Bape timu saa ya kuosha na ya kubadilisha anodi. Na wewe ndugu, ukiona ganda jeusi ku katode, sema, usilifunike. Mama hapepete mahindi sababu anaogopa mwenye mashini. Anapepeta sababu bana bake njo batakula ule unga.