Wa kujitolea wasaidiwe, wasiachiwe mzigo wa serikali

KIMBUNGA Helene kilipoikumba Marekani Septemba 2024, maafa makubwa katika jimbo la North Carolina yalitokea milimani, mbali na bahari. Mafuriko na maporomoko ya ardhi yalisomba barabara na madaraja, huku umeme na simu zikikatika.

Katika sehemu nyingi, waliotangulia kufika ni watu wa kujitolea. Baadhi yao walitumia helikopta za kibinafsi. Wengine waliongoza baghala, yaani chotara wa punda na farasi, waliobebeshwa chakula, maji na hata insulini.

Nguvu yao ilikuwa kuzijua njia na watu. Mgonjwa wa kisukari aliyekwama mlimani hasaidiwi na shehena ya nguo kuukuu. Anahitaji dawa yake, tena kwa wakati. Anayefahamu hilo ni jirani yake wala si afisa aliye makao makuu.

Hata hivyo, moyo wa kujitolea una kikomo. Mafuriko hayo yalifunga kiwanda cha Baxter kilichotengeneza takriban asilimia 60 ya maji ya dripu nchini humo, na hospitali za mbali zikaahirisha upasuaji. Jijini Asheville, maji ya mfereji hayakuwa salama kunywa hadi Novemba 18. Hayo hayatengenezwi kwa michango.

Ndiposa serikali yoyote inapaswa kuwatambua wa kujitolea kabla ya maafa, na wauguzi wa mashinani waandae mapema orodha ya wanaotegemea dawa kila siku. Kidole kimoja hakivunji chawa.