BARAZA YA VIJANA: Je, Tuliambiwa Kweli Katika Vita vya Kagera?



Vijana wawili wa Singe, katika mji wetu wa Babati, wametuletea shauri lililowagawanya. Mmoja asema kwamba Serikali yetu ilipigana na Idi Amin kwa haki tupu, na mwenye kuhoji jambo hilo ni msaliti. Mwenziwe ajibu kwamba vita vile vilikuwa vya kumng'oa mtawala Mwislamu, na sababu zilizotangazwa zilikuwa pazia tu. Wote wawili walizaliwa baada ya vita kwisha.

Tuanze na yasiyo na shaka. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Uganda yaliingia Kagera, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba nchi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera ni yake. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka likavunjwa. Raia waliuawa, wanawake wakanajisiwa, mifugo na mali zikachukuliwa. Amin alidai kwamba Tanzania ndiyo iliyotangulia kumvamia. Ni kweli kwamba mwaka 1972 wafuasi wa Obote waliishambulia Uganda kutoka ardhi yetu, wala haifai kulificha hilo. Lakini jambo lile lilipatanishwa Mogadishu mwaka ule ule. Mtu anayejitetea hatangazi mpaka mpya juu ya ardhi ya jirani yake. Basi Mwalimu Nyerere alipoliambia taifa tarehe 2 Novemba kwamba sababu ya kumpiga Amin tunayo, alisema kweli.

Amma hoja ya Uislamu, hii ndiyo iliyowapoteza wengi, hata Gaddafi wa Libya akapeleka askari wake kwenda kufa Uganda. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kumsaidia ndugu yetu akiwa amedhulumiwa na hata akiwa ndiye dhalimu, na alipoulizwa dhalimu asaidiwe vipi, alijibu kuwa azuiwe dhuluma yake. Shaban Nkutu, aliyekuwa waziri wa Obote, alikuwa Mwislamu, naye aliuawa chini ya utawala wa Amin mwaka 1973. Miongoni mwa Wahindi waliofukuzwa Uganda mwaka 1972 wakaacha maduka na nyumba zao, Waislamu walikuwa wengi. Na mkuu wa majeshi yetu katika vita vile, Jenerali Abdallah Twalipo, jina lake latosha kutujibu. Msiba wa kweli wa dini ulikuja baadaye, pale Waislamu wasio na hatia walipouawa magharibi mwa Uganda mwaka 1979 kwa kulipiziwa makosa ya Amin.

Lakini kijana wa pili ana sehemu yake ya haki, nayo ndiyo iliyo ngumu. Sababu tuliyopewa Novemba ilikuwa kumtoa adui katika ardhi yetu. Baada ya muda ardhi ilirudi. Januari 1979 majeshi yetu yakavuka mpaka pale Mutukula. Februari yakaishika Masaka na Mbarara. Tarehe 11 Aprili yakaingia Kampala. Wakati huo wote dunia iliambiwa kwamba vita ni viwili: cha Tanzania cha kujilinda, na cha Waganda wenyewe cha kumwondoa Amin. Waganda walikuwapo, ndiyo, na mwezi Machi walikutana Moshi kuunda umoja wao. Hata hivyo walikuwa wachache, na mzigo wa mapigano uliwaelemea vijana wetu. Usemi ule ulikuwa na kweli ndani yake, wala haukuwa kweli yote.

Kwa nini ulisemwa hivyo? Kwa sababu sheria za Umoja wa Nchi Huru za Afrika zilikataza nchi moja kuingilia mambo ya nyingine. Umoja huo huo haukumlaumu Amin alipotuvamia, ingawa Tanzania iliomba. Lakini katika mkutano wa Monrovia, Julai 1979, Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania.

Qur'ani Tukufu, katika Suratul Hujurat, yatuamrisha kupigana na kundi lililofanya uonevu mpaka lirejee katika amri ya Mwenyezi Mungu, kisha tupatanishe kwa uadilifu. Je, kurudi nyuma kwa Amin kulikuwa ndiko kurejea? Sisi twaona sivyo, kwani tulidai alaumiwe na alipe fidia, wala hatukupata lolote. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu ya kutosha kusemwa waziwazi mbele ya wananchi tangu Januari. Ama nyumba za Masaka zilizobomolewa kwa kisasi, hizo hatuwezi kuziombea udhuru, kwani tumekatazwa kuvuka mpaka hata tunapopigana na aliyetuanza.

Nawe kijana wa kwanza, usimwite mwenzio msaliti. Suratun Nisaa yatutaka tushuhudie haki hata juu ya nafsi zetu. Askari waliolala Kaboya, huko Muleba, walikwenda kwa yale waliyoambiwa, na malipo yao ni kwa nia zao. Kuuliza juu ya maneno ya wakubwa hakuwapunguzii kitu.

Mzee mmoja ameongeza swali: ile miezi 18 ya kufunga mkanda tuliyotangaziwa mwaka 1979 ilikwisha lini? Hilo tutalitazama mwezi ujao, inshaallah.